Mtangamano ufike hadi kwenye maabara za kompyuta

MTANGAMANO wa Afrika Mashariki ukitajwa, wengi hufikiria malori mpakani, ushuru wa forodha na bei ya mahindi. Ni wachache wanaomkumbuka mwanafunzi wa fizikia anayekokotoa hali ya ulimwengu kabla ya nyota ya kwanza kuwaka.

Umri wa ulimwengu unakadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8. Kwa takribani miaka 380,000 ya mwanzo ulijaa plazima, yaani gesi ya moto yenye chembe za chaji ya umeme. Plazima hutiririka kama maji, lakini pia husukumwa na nguvu za sumaku. Wanasayansi wanataka kujua kama sumaku iliyopo leo katika magalaksi ilianzia huko. Hakuna maabara inayoweza kurudisha hali hiyo, hivyo huigwa kwa hesabu za kompyuta.

Moja ya programu zinazotumika ni Pencil Code, iliyoanzishwa mwaka 2001 na Axel Brandenburg na Wolfgang Dobler. Ni programu huria: haina ada, na yeyote anaruhusiwa kuisoma na kuirekebisha. Mchemraba wenye nukta 32 kila upande una nukta 32,768, na kompyuta mpakato ya kawaida huumudu. Kwa hiyo mwanafunzi wa Bujumbura au Dodoma anaweza kuanza leo.

Kikwazo huja baadaye. Nukta zikiongezwa mara mbili kila upande, jumla yake huwa mara 8, na kwa kuwa hatua za muda nazo hufupishwa, kazi hufikia mara 16. Zikifika 1,024 kila upande, jumla hupita bilioni moja. Hapo panahitajika mitambo ambayo ni mzigo kwa nchi moja.

Wapo watakaohoji haya yanamsaidia nini mkulima anayesubiri mvua. Jibu ni kwamba anayejua kuiga mtiririko wa plazima amejifunza mbinu zile zile za kutabiri hali ya hewa na kufuatilia mikondo ya Ziwa Victoria, ambako dhoruba haimuulizi mvuvi pasipoti.

Misingi ipo. Kigali kuna Kamisheni ya Sayansi na Teknolojia ya EAC, pamoja na taasisi ya utafiti wa fizikia ya Afrika Mashariki inayoshirikiana na kituo cha ICTP cha Trieste, Italia. Kampala kuna Baraza la Vyuo Vikuu, IUCEA. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu.

Kinachotakiwa sasa ni mtambo mmoja wa pamoja, saa za kuutumia zigawanywe kwa haki, na somo lililofaulishwa Kampala litambuliwe Juba. Umoja ni nguvu, na katika hesabu hizi nguvu hiyo inapimika.