Nani Amesema Maskini Hachagui Pikipiki?

Kuna kauli inayorudiwa sana na watu waliosoma, kuanzia ofisi za Gitega hadi kumbi za semina za Bujumbura: motari, yaani mwendesha pikipiki ya abiria, hana mapenzi na pikipiki, ana hesabu tu. Hununua iliyo rahisi na inayotumia mafuta kidogo, na siku ikija iliyo rahisi zaidi ataihamia bila kugeuka nyuma. Na parikingi, kile kijiwe anachoegesha? Ni pale penye abiria, basi. Kuchagua chombo kwa moyo, na kuchagua wenzako wa barabarani, ati ni starehe ya wazee wa Ulaya na Marekani wenye pensheni na makoti ya ngozi.

Kauli hii ni ya uongo. Sisemi kwamba ni kosa dogo la mtazamo, kwa kuwa wanaoirudia ndio wanaotoa mikopo, wanaopanga barabara na wanaoamua nani apite wapi. Kila wanapoifuata wanawaumiza watu ambao hawajawahi kuwauliza swali hata moja.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana ndiyo wanayojivunia. Katika mtaa wa Magarama, hapa Gitega, pikipiki za abiria unazokutana nazo zaidi ni za Kihindi: TVS ya Tamil Nadu na Boxer ya Bajaj wa Pune. Zote mbili zina injini ya silinda moja inayopozwa na upepo, na zile zinazobeba watu huwa za cc 100 hadi 150. Bei zake zinakaribiana, ulaji wa mafuta unakaribiana, na zote zimetengenezwa kwa ajili ya barabara mbovu na mzigo uliozidi. Mwenye kalamu na karatasi akeshe nazo usiku kucha, kutakucha hajapata jibu. Hata hivyo motari ana jibu lake kabla hajaweka kando faranga ya kwanza. Muulize kijana anayebeba abiria kwa baiskeli pale sokoni, ambaye pikipiki bado anaiota tu. Atakutajia aina, atakutajia rangi, na atakwambia ataegesha parikingi ipi na kwa nani. Hesabu ingemwambia nini kati ya hayo?

Mtetezi wa hesabu hunijibu kwa neno moja: vipuri. Motari hununua ile ambayo vipuri vyake vinapatikana, na huo ni uchumi mtupu. Sawa, lakini vipuri hivyo vilifikaje dukani? Mwenye duka aliagiza waya wa klachi, mnyororo, viatu vya breki na ringi za pistoni za pikipiki anazoziona zikipita mlangoni pake. Zinapita kwa sababu mtu mmoja alitangulia kununua aina hiyo, mdogo wake akajifunzia juu ya pikipiki ya kaka, mguu ukazoea gia zake, na alipopata pesa akanunua ya namna ileile. Jirani akamwona, akamfuata.

Na katikati yao wote yupo fundi. Huyu ndiye asiyeonekana kabisa katika makaratasi ya wapangaji. Hakusomea chuoni, alikaa miaka chini ya mti au kando ya kibanda akimshikia fundi mkubwa spana, akaanza kwa kuosha kabireta, akaruhusiwa kubadili plagi, na siku moja akaachiwa kufungua injini peke yake. Ukimpelekea chombo hataki maelezo marefu. Anakiwasha, anainamisha kichwa, anasikiliza. Anajua mlio wa valvu zilizolegea na mlio wa mnyororo uliochoka, na anatambua mafuta ya chupa yaliyotiwa maji kabla hujakiri uliyanunua wapi. Sikio hilo limefunzwa kwa aina mbili au tatu za injini, hazizidi. Ukija na aina ngeni kwake, hata kama uliipata kwa nusu ya bei, umenunua upweke. Waya ukikatika, hakuna mwenzako wa kukukopesha wake hadi kesho, kwa sababu wake hauingii kwako. Kwa hiyo anayesema motari amefuata vipuri amekiri, bila kujua, kwamba motari amefuata watu wake.

Parikingi nayo haiingiwi kwa kuegesha tu. Anatakiwa mtu wa kukudhamini, anayejua umetoka kilima gani, umelelewa na nani, na kama uliwahi kumkimbia tajiri mwenye pikipiki na hesabu yake ya siku. Ukishakubaliwa unaingia katika zamu ya abiria, unaingia katika upatu wa kuzungushana, na unaingia pia katika madeni yasiyoandikwa popote. Mkeo akishikwa na uchungu saa nane usiku, yupo wa kumpigia simu. Ukianguka, wapo wa kukupeleka hospitali na wa kukaa na pikipiki yako isiibiwe. Ukifa, watakusindikiza kwa msafara wa honi na taa hadi makaburini, na mchango wao utafika nyumbani kwako mapema. Wapo motari wanaoiacha parikingi yenye abiria tele karibu na mabasi, wakaenda kukaa kwenye kona yenye abiria wachache, kwa sababu kona hiyo ina watu wanaowaamini. Yule wa semina akiona hivyo husema hawajui biashara. Wanaijua kuliko yeye. Wanajua kwamba katika kazi hii siku moja mbaya humaliza faida ya mwaka mzima, na siku hiyo kinachookoa ni jirani.

Panda kutoka Gitega kupitia Karuzi hadi Muyinga, jambo hili utaliona kwa sura nyingine. Muyinga ni mji wenye Waislamu wengi, na Kiswahili kinasikika sokoni bila kutafutwa. Kutoka pale barabara inashuka hadi Kobero, mpakani na Kabanga ya wilaya ya Ngara, ambako malori ya kutoka Dar es Salaam huingia nchini na dereva hulazimika kuhamia upande wa kulia wa barabara. Wapo huko watu waliokulia ukimbizini Tanzania, kwa sababu ya vita vilivyoanza 1993 na kwa sababu ya fujo za kabla na baada yake. Kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa mwishoni mwa 2012, na maelfu ya watu wakarudishwa katika nchi ambayo baadhi ya watoto wao hawakuwahi kuiona. Kijana wa namna hiyo akinunua pikipiki, ananunua ile aliyoiona ikipita Kasulu au Kibondo akiwa mdogo, iliyombeba mama yake kwenda zahanati. Akitafuta parikingi, anatafuta wenye lafudhi yake, wasiomcheka Kirundi chake. Mwingine anatafuta wenzake watakaomshikia zamu Ijumaa mchana akienda kuswali, naye awashikie Jumapili asubuhi wakiwa misani. Mambo haya hayamo kwenye bei, na kwa anayeishi humo yana uzito kuliko bei.

Kuna pia zile Yamaha AG na DT za miradi. Mtu yeyote aliyekulia kijijini katika nchi zetu hizi anazikumbuka: za bwana shamba, za mganga wa chanjo, za padri. Ni za zamani, mafuta zinakula, vipuri vyake asili ni ghali, na bado wapo watu wazima wanaozitafuta mitumba na kuzikarabati kwa subira. Hesabu haiwezi kumweleza mtu wa aina hiyo. Ukimuuliza atakwambia habari za baba yake.

Hao Wazungu wa makoti ya ngozi tunaopigiwa mfano, tuwatazame nao. Honda ilitoa Super Cub mwaka 1958, pikipiki ndogo, rahisi, isiyo na makuu, ambayo kufikia 2017 ilikuwa imeshatengenezwa zaidi ya milioni 100. Huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, haikutangazwa kwa nguvu ya injini. Matangazo yalionyesha watu: wanafunzi, akina mama, wachumba, watu wa heshima waliopanda wawili wawili. Mnunuzi aliahidiwa wenzake wazuri. Harley-Davidson nayo, baada ya wakurugenzi wake kuinunua tena 1981 ikiwa hoi, ilianzisha chama cha wamiliki mwaka 1983, na wengi wanaosimulia kufufuka kwake hawakisahau chama hicho. Kampuni zenye wataalamu wa kila namna zilitambua kwamba mtu hununua pikipiki ili awe pamoja na watu fulani. Basi kwa nini jambo ambalo kwa Mmarekani linaitwa mapenzi, kwa motari wa Magarama likataliwe kuwepo? Jibu ninalo, nalo si zuri: tumezoea kuamini kwamba umaskini unamwondolea mtu ladha, kumbukumbu na fahari, na kumwachia tumbo peke yake.

Najua nitakumbushwa ubaya wa makundi haya, na ubaya upo. Machi 2022, jijini Nairobi, mwanamke aliyekuwa akiendesha gari lake alizingirwa na kudhalilishwa na waendesha bodaboda kwenye Barabara ya Wangari Maathai. Video ilisambaa, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru msako. Sina neno la kuwatetea waliofanya vile, walistahili sheria. Mwezi huohuo, kwetu, pikipiki, baiskeli na bajaji zilipigwa marufuku katika sehemu kubwa ya Bujumbura, na hoja ikawa usalama wa barabarani. Msako ule na marufuku hii ni mambo mawili tofauti, ila mawazo nyuma yake yalifanana: hawa ni idadi, idadi ikizidi ipunguzwe au isukumwe pembeni.

Mimi naona kinyume. Kundi lenye uwezo wa kufunga barabara ndilo pia lenye uwezo wa kumtoa mkorofi, kumnyang'anya kizibao cha chama na kumfanya asipate pa kuegesha mji mzima. Motari anaogopa aibu ya parikingi yake kuliko faini ya polisi, kwa sababu faini hulipwa ikaisha. Ukiivunja parikingi, ukawatawanya watu wake pembezoni mwa jiji kila mtu na njia yake, uwezo wa kuadhibiana unakufa, na uwezo wa kufanya fujo unabaki palepale. Aliyepoteza kijiwe cha Bujumbura alipoteza abiria, ndiyo, lakini alipoteza pia wale waliokuwa wakimwambia "wewe, leo umelewa, usipande."

Na uhaba wa mafuta, unaotusumbua kwa miaka kadhaa sasa, umetoa ushahidi ambao hakuna semina iliyoutoa. Kama motari ni hesabu tu, basi siku aliyopanga foleni tangu alfajiri na kurudi jioni tangi kavu, angeiuza pikipiki kesho yake. Siku za namna hiyo zilikuwa nyingi. Wapo waliouza, siwalaumu. Lakini parikingi hazikufa. Watu walipangiana foleni, mmoja akalala na vidumu vya wenzake, mwenye lita mbili akamgawia moja aliyekuwa na mtoto mgonjwa, na wasio na kitu wakaja asubuhi wakakaa juu ya pikipiki zilizozimika, kwa kuwa habari ya lita itakayopatikana hupita hapo kwanza. Hayo hufanywa na watu waliochaguana.

Sasa kuna mikopo. Tunayo BIJE, benki ya uwekezaji kwa vijana iliyoanzishwa 2020, na ipo miradi mingine inayopenda kuwapa vijana pikipiki. Nataka mikopo iongezeke. Lakini nataka fomu zibadilike. Usimletee kijana wa Magarama pikipiki ya aina uliyoichagua wewe kwa zabuni, kwa kuwa ilishuka bei kidogo, kisha ukashangaa imelala uani baada ya msimu mmoja wa mvua. Muulize anataka ipi na umwache aeleze sababu zake zote, hata zile unazoziona wewe za kitoto, za rangi na za kaka yake. Muulize ataegesha wapi, na uende parikingi hiyo ukakae saa moja na wazee wake. Dhamana yake ya kweli imekaa hapo.

Na pikipiki za umeme ziko njiani. Rwanda imeamua kwamba tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme, na sisi jirani zao hatutasubiri milele. Wauzaji watakuja na karatasi nzuri ya hesabu: gharama ya kilomita, bei ya kubadilisha betri, faida ya mwezi. Kabla ya karatasi hiyo kusomwa, mafundi wa Magarama na wa Muyinga waitwe wafunguliwe injini hiyo waishike kwa mikono yao, na motari wajibiwe swali lao la kwanza: chaji ikiisha barabara ya Karuzi saa mbili usiku, atakayetufuata ni nani?