GPS ya kupimia shamba



Vakansi imekaribia, na wengi wetu tutapanda kwa miguu kwenda mashambani. Mama mmoja wa hapa Rughenda ameniuliza anunue GPS gani ya mkononi. Shemeji yake anasogeza mpaka wa shamba la kahawa aliloachiwa na marehemu mume wake.

Kama una simu ya kugusa, usinunue kwanza. GPS yake inapokea ishara za satelaiti hata bila mtandao. Ungoje tu dakika chache mahali pa wazi, si chini ya migomba. Ubaya ni chaji, na mlimani utachajia wapi? Hapo chombo kidogo kama eTrex 10 ya Garmin kinafaa: kinatumia betri mbili za AA, na kinadumu karibu saa 20.

Lakini mpaka? Nilizunguka shamba la mama yangu mara mbili na GPS ya kuazima. Kwanza ikasema mita za mraba 1.150, kisha 1.320. Shamba halikukua! GPS ndogo inakosea mita kadhaa, na yule shemeji anasogeza mita mbili tu.

Kwa wanunuzi wa kahawa wanaofuata sheria ya Ulaya ya 2023, alama moja ya GPS inatosha kwa shamba lisilozidi hektari 4. Kwa shemeji, nilimwambia achukue kamba iliyopimwa, aite majirani wa pande zote na chefu, wapande miti ya mpaka, waandike, kila mmoja atie sahihi.

Na mwenye kubeba GPS aulize kwanza njia ikoje. Kwenye vizuizi vya askari, chombo hicho mfukoni kinaleta maswali.