Lualaba inatoa shaba kwa tani, fundi wa Kisenge anakosa kibao cha gramu moja

Fundi wa radio wa Kisenge akiletewa regilateri ya solari iliyokufa, mara nyingi ugonjwa wake ni mdogo: chipu moja imeungua. Tuseme ni LM358, chipu ya miguu minane inayopatikana ndani ya chaja nyingi za bei nafuu. Ya aina ileile inaweza kuwa mezani pake, kwenye mabaki ya chaja iliyotupwa. Lakini ile iliyoungua ina miguu iliyoachana kwa milimita 2.54, na hii mpya, ya aina inayolala juu ya kibao, ina miguu iliyoachana kwa milimita 1.27. Kazi ni moja, mpangilio wa miguu ni mmoja, ila nafasi ni nusu. Haiingii. Mwenye kifaa anaambiwa asubiri piesi kutoka Kolwezi au Lubumbashi, na nyumba yake inarudi kwenye tochi.

Dawa yake ni adapta, kibao cha sentimita mbili kwa mbili. Chipu ndogo inalala katikati, na njia nane nyembamba za shaba zinatoka kwenye miguu yake hadi kwenye matundu manane yenye nafasi ile ya zamani. Viwanda vya China vinauza vibao vya namna hiyo kwa bei ndogo sana. Lakini kwa mtu wa Kisenge, usafiri unapita bei ya kibao mara nyingi, na majuma yanapita pia.

Kukitengeneza nyumbani si uchawi. Mchoro unafanywa kwa kompyuta, na programu ya KiCad ni ya bure. Unachapishwa ukiwa umegeuzwa, kwenye karatasi laini inayong'aa, kwa mashine ya wino wa unga kama zile za maduka ya fotokopi. Karatasi inawekwa juu ya bamba lenye ngozi ya shaba lililosuguliwa vizuri, kisha inapigwa pasi ya nguo. Wino unashika kwenye shaba. Bamba likitiwa ndani ya maji ya kloridi ya chuma, shaba isiyofunikwa inaliwa na ile iliyo chini ya wino inabaki. Halafu wino unafutwa, matundu yanatobolewa, bati linayeyushwa juu ya miguu. Mara ya kwanza njia mbili zitagusana, au moja itakatika. Ndiyo sababu inafaa kufundishwa darasani, ambako kukosea hakumpotezei fundi mteja.

Hapa kuna jambo la kuudhi kidogo. Jimbo hili ni sehemu ya ile Katanga iliyoitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba. Ngozi ya shaba juu ya bamba la kawaida ina unene wa mikromita 35. Kwa kibao cha sentimita mbili kwa mbili, hiyo ni kama gramu 0.125. Tani moja tu ingetosha vibao karibu milioni 8. Lakini hesabu hiyo isimdanganye mtu: shaba ndani ya kibao haina thamani kubwa. Kinacholipwa ni mkono unaojua kuchora, kuunguza na kuunganisha.

Wakubwa wanapozungumza juu ya kuongeza thamani ya madini, wanazungumza juu ya viwanda. Aprili 2022 Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano juu ya betri, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kikapata kituo cha utafiti wa betri. Ni vizuri. Lakini Kisenge inajua kungojea. Ilichimba manganezi, madini yanayotumiwa hata ndani ya mawe ya radio, na vita ya Angola ilipofunga reli ya Benguela mwaka 1975, mali yake ikakosa njia. Ni mwaka 2018 tu manganezi ilipanda tena treni kwenda Lobito. Mtoto aliyezaliwa 1975 alikuwa amefikisha miaka 43. Kibao cha adapta hakingojei reli wala mwekezaji.

Pesa za kuanzia zina sheria yake. Kodi ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka kila kampuni inayochimba itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Kampuni inayouza dola bilioni 1 inatoa basi dola milioni 3. Visima na madarasa vina haki ya kutangulia, hakuna anayebisha. Lakini chumba kimoja cha shule ya ufundi chenye kompyuta mbili, mashine ya kuchapisha, kitobozi kidogo na vyuma vya kuyeyushia bati hakiwezi kusemwa kuwa ghali. Kisenge iko mbali na migodi mikubwa ya Kolwezi, na pesa za kampuni hizo zinaangalia kwanza majirani wao. Kwa hiyo mzigo ni wa jimbo, linalopata asilimia 25 ya redevansi ya madini.

Walimu watapaswa kuwa wakali juu ya mambo mawili. Vibao hivi ni vya nguvu ndogo. Umeme wa volti 220 usipitishwe kwenye njia nyembamba za kujifunzia. Na maji yaliyotumika yana shaba iliyoyeyuka, sumu kwa samaki. Yatulizwe kwa chokaa, tope likusanywe, lisimwagwe mtoni. Mito ya Lualaba imekwisha kunywa vya kutosha kutoka migodini.

Mtihani wa mazoezi wa wanafunzi wa elektroniki ungeweza kuanza hapo: chipu hii, matundu yale, bamba tupu, na asubuhi moja ya kazi.