Waini ya kwanza: nunua yenye utamaliza

Kuna mfuasi wangu mmoja ananidai sh2,400, na mwenyewe hajui kama ananidai. Wacha nieleze.

Mwaka jana binamu yangu alimaliza chuo, tukakubaliana watu wanne tumfanyie kasherehe kadogo kwa nyumba yake. Kila mtu abebe kitu. Mmoja akaleta kuku, mwingine chapo, mwingine soda. Mimi nikasema nitaleta waini, kwa sababu ukiangalia posti zangu utadhani mimi ni msee wa maisha hayo. Ukweli ni kwamba sikuwa nimewahi kununua hata chupa moja.

Nikaingia supamaketi. Rafu nzima ni majina ya Kifaransa na picha za majumba. Dada wa hapo akaniuliza, "Nikusaidie, bosi?" Nikamwambia niko sawa, naangalia tu. Nilikuwa naangalia bei. Nikachukua nyekundu moja kwa sababu ilikuwa ghali kuliko majirani zake na lebo ilikuwa na herufi za dhahabu. Kufika nyumbani, kizibo kikatushinda, tukakisukuma ndani na mpini wa mwiko.

Tukaonja. Manze, ulimi ulikauka kama nimetafuna ndizi mbichi. Nikaangalia wengine, nao wananiangalia. "Iko poa," mmoja akasema. "Iko poa sana," nikaitikia. Nikapiga picha, nikaposti: "Waini ya watu wazima. Laini kabisa." Kesho yake binamu akamwaga zaidi ya nusu chupa kwa sinki.

Wiki mbili baadaye msichana mmoja akaniandikia kwa inboksi. Alikuwa amenunua ileile kwa birthday ya dadake, kwa pesa aliyokuwa anaweka kidogo kidogo. Hakuna aliyeimaliza. Hakunitusi. Aliuliza tu: "Ama ni sisi hatujui kunywa?"

Sikumjibu, niliona aibu. Kwa hivyo siste, kama unasoma, jibu lako ni hili: mlionja vizuri kabisa. Mimi ndiye nilidanganya.

Sasa kile nilipaswa kusema tangu mwanzo. Waini ni maji ya zabibu yaliyochachuka. Hamira inakula sukari ya zabibu na kutoa alkoholi. Ikila karibu sukari yote, waini inatoka kavu, na lebo inaandikwa Dry. Utamu ukiachwa ama ukiongezwa, utaona Semi-sweet au Sweet. Nyekundu inapata rangi kutoka kwa maganda, na kwa maganda na mbegu ndiko kuna tanini, kitu kilekile kinachofanya strungi iliyokaa na majani ikaukishe mdomo. Sasa mtu amelelewa na soda na chai ya sukari vijiko vitatu, halafu siku ya kwanza unamkabidhi nyekundu kavu na kumwambia afurahi. Kwani alikosea wapi?

Shida yangu iko na sisi watu wa kontenti. Tumefanya waini tamu kuwa kichekesho. Mtu akishika Four Cousins tunamwita mshamba, na hiyo waini inatengenezwa na familia ya wakulima wa zabibu huko Robertson, Afrika Kusini, watu wanaojua kazi yao. Tunacheka mtu kwa kupenda kitu kitamu, halafu sisi wenyewe tunamwaga vitu vya bei kwa sinki. Mshamba ni nani hapo?

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Chupa ya kwanza iwe nyeupe ama ya waridi, tamu kiasi, na iwe baridi. Kama unataka kujaribu kavu, anza na nyeupe, kwa mfano Chenin Blanc, ambayo Afrika Kusini wanailima kwa wingi. Usianze na chupa nzima. Kuna vichupa vya mililita 187, yaani robo ya chupa ya kawaida. Na muulize yule dada wa supamaketi. Swali halina bei, kunyamaza kulinigharimu. Pia usidhani waini lazima itoke ng'ambo: Leleshwa inatokana na zabibu za Naivasha, na majirani zetu Tanzania wanalima zabibu Dodoma.

Najua kuna mtu atasema waini tamu ni hatari kwa sababu inateleza kama juisi. Hapo ako sawa, na ndiyo maana lazima tupige hesabu. Soma asilimia kwa lebo. Waini ya kawaida ya asilimia 13 ina alkoholi karibu mara tatu ya Tusker, ambayo ni asilimia 4.2. Glasi moja ya mililita 150 inakaribia Tusker moja ya nusu lita. Ukimaliza chupa peke yako umekunywa kama bia nne na nusu, hata kama ulimi ulikuwa unahisi zabibu tu. Zile tamu nyingi ziko chini ya hapo, lakini usikisie, soma. Kula kwanza, weka maji kando, na mwenye gari asiguse.

Halafu angalia stempu ya KRA kwa kila chupa. Kuna programu yao inaitwa Soma Label, unaelekeza simu kwa stempu inakwambia kama ni halali. Hii si mchezo. Februari 2024 huko Kirinyaga watu zaidi ya kumi walikufa kwa pombe yenye sumu. Ukipata bei ya ajabu kwa kibanda cha giza, hiyo si ofa.

Na kwa nyinyi wa chini ya 18 mnaonifuata, najua mko hapa. Hii posti si yenu bado. Ile sheria ya pombe ya 2010, yenye watu waliita ya Mututho, inakataza mtu yeyote kukuuzia, na mimi sitakuwa yule msee wa kukununulia. Na kama umefika umri na hutaki kunywa, kwa dini ama kwa sababu ya yale umeona kwa nyumba yenu, soda yako ikae kwa meza kama glasi ya mtu mwingine yeyote. Hakuna anayekudai maelezo.

Juzi tulikutana tena kwa binamu. Nilibeba nyeupe tamu kiasi, ya bei chini ya nusu ya ile ya kwanza, yenye kifuniko cha kuzungusha. Ilitoshana na pilau, ikaisha, na hakuna mtu alisema "iko poa." Waliuliza tu kama kuna ingine.

Ile posti ya zamani sijaifuta. Nimebadilisha tu maneno yake. Sasa inasema: "Hii hatukuimaliza." Na siste, nimekuandikia kwa inboksi. Tuma namba ya M-Pesa.