Hiyo Picha Yako ya Ukungu Ina Nyumba ya Mtu Ndani

Wasee wa kupiga picha, tuongee. Kila wikendi lazima kuna mtu ameposti Naivasha alfajiri: ukungu, maji yametulia kama kioo, miti mikavu imesimama ziwani na taswira yake imelala chini yake. Halafu anaandika neno moja tu, "amani". Laiki zinamiminika.

Amani ya nani?

Ile miti haikumea majini, buda. Ni migunga, ile ya gamba la manjano, na hapo palikuwa nchi kavu. Maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda tangu miaka ya 2010 hivi, na si Naivasha pekee. Mizizi ikikaa majini inakosa hewa, mti unakufa ukiwa umesimama, gamba linageuka kijivu, na sasa wewe unaona umeiva kwa picha. Nakuru, maji yalimeza hadi lango kuu la mbuga. Flamingo wengi walihama, kwa sababu maji yalipoongezeka magadi yalipungua makali, na mwani wanaokula ukapungua pia. Baringo kuna hoteli ziko ndani ya ziwa. Na hapo hapo Naivasha, mtaa wa Kihoto ulifurika 2020, ukafurika tena 2025, watu wakitolewa kwa mashua.

Sina shida na picha. Ni kali, na mimi mwenyewe nazipiga. Kuamka saa kumi usiku si mchezo. Ukungu wa ziwa unataka usiku usio na mawingu, hewa baridi juu ya maji ambayo bado yana joto la jana, na upepo uwe umelala. Jua likishapanda, umechelewa. Ndio unainama na simu karibu kabisa na maji ili taswira ijae (na uangalie viboko tafadhali, hakuna picha ya kufia). Anayefanya hiyo kazi namheshimu.

Kinachoniudhi ni kile kinafanyika baadaye, mtu akiwa kitandani na kifutio cha simu. Nguzo ya stima, futa. Paa la mabati, futa. Ukuta wa ploti uliobaki kichwa tu juu ya maji, futa. Inabaki miti na ukungu, na mtu akiona anaamini hapo hakuna binadamu amewahi kuishi. Ukungu ulikuwa umeshaficha nusu bila kuombwa, wewe ukamalizia.

Najua jibu lenu: "Mimi ni msanii, si mwandishi wa habari." Sawa. Basi toa jina la mahali. Ukishaandika "Naivasha, Kenya" pale juu, unaniambia hivi ndivyo Naivasha ilivyo. Huwezi kuweka lokesheni ya kweli kwa picha ya uongo halafu ujifiche nyuma ya sanaa.

Wengine wanasema wenyewe walijitakia, nani aliwaambia wajenge ukingoni mwa ziwa. Hata mimi ningependa kujua nani aliwauzia hizo ploti. Lakini hiyo ni sababu ya kuonyesha nyumba. Ukiifuta, hilo swali litaulizwa vipi?

Na kama huna huruma, angalau fikiria hivi. Nguzo ya stima ndani ya maji ni rula. Piga nguzo ile ile leo, rudi mwaka ujao, utajua ziwa limepanda au limeshuka bila kungoja mtu aje na ripoti. Simu zetu zinaweka tarehe, zinaweka na mahali. Vijana wenye simu wako kila ziwa la hii nchi kila asubuhi, halafu kipimo chenyewe tunakifuta ili picha ikae safi!

Zangu zinaenda hewani na nguzo zake na mabati yake, na chini naandika mtaa, tarehe, na maji yamefika wapi: mlangoni, dirishani, ama kwa paa. Laiki zikipungua, zipungue.