Somo la Tendaguru Lianze na Mwamba

Mwalimu anapofundisha habari za Tendaguru, kilima kilichoko mkoani Lindi, aghalabu huanza na ukubwa wa mnyama. Huandika ubaoni kwamba dinosaria wale waliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita, kwamba wataalamu wa Kijerumani walisimamia uchimbaji wa mifupa yao kati ya mwaka 1909 na 1913, na kwamba kiunzi kimojawapo, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, kimesimamishwa katika makumbusho ya Berlin. Watoto hunakili, naye mwalimu huridhika. Sisi twaona kwamba somo la namna hiyo humwachia mtoto mshangao bila maarifa.

Yafaa somo lianze na mwamba wenyewe. Miamba ya Tendaguru imepangika tabaka juu ya tabaka. Matabaka matatu yana mifupa ya dinosaria, na baina yake mna matabaka ya mchanga yenye makombe ya viumbe wa baharini. Mwalimu ayachore ubaoni, kisha aulize: makombe haya yalifikaje juu ya mifupa ya wanyama wa nchi kavu? Asiharakishe kujibu. Watoto wakijadiliana na kuongozwa kwa maswali, watatambua kwamba bahari ilipanda na kurudi zaidi ya mara moja, na kwamba tabaka la chini ni la kale kuliko la juu.

Huenda ikasemwa kwamba somo hili haliwezekani, kwa kuwa mifupa iko ng'ambo. Hatukubali. Ukingo wa korongo, au shimo lililochimbwa karibu na shule, waweza kuonyesha matabaka ya udongo. Mifupa ilichukuliwa, njia ya kuisoma ardhi haikuchukuliwa.

Tukumbuke pia waliochimba. Mamia ya Waafrika, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, waliifukua mifupa ile, wakaifunga kwa uangalifu, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Haikuwa kazi ya misuli tu. Ilihitaji jicho la kutenga mfupa na jiwe. Jicho hilo hufunzwa.

Basi, mwalimu mwanafunzi, utakapopangiwa somo hili, usianze na jina la mnyama. Watoe watoto nje, wasimamishe mbele ya ukingo wa udongo, uwaulize wanaona nini.