Kasongo na Kabambare: homa ya kimputu inatibika, lakini ni nani anayeitafuta?

Katika wilaya za Kasongo na Kabambare, kuna homa inayotia watu hofu kuliko malaria ya kawaida. Inashika siku tatu hivi, inaachia karibu wiki moja, kisha inarudi. Mgonjwa amekwisha kumeza dawa ya malaria mara mbili au tatu, na bado anatetemeka. Hapo jamaa wanaanza kuulizana ni nani aliyemroga, na wengine wanajiandaa kwa kilio.

Hofu hiyo ina sababu, lakini uchawi hauhusiki. Homa inayorudi namna hiyo inaweza kuwa homa ya kimputu, mdudu ambaye Tanzania wanamwita papasi. Anajificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Usiku anatoka, ananyonya damu kwa dakika chache bila aliyelala kusikia, na kabla ya alfajiri amekwisha kurudi. Anaweza kuishi miaka bila kula. Kwa hiyo hata nyumba iliyoachwa na watu waliokimbia vita inaweza kuwapokea na kimputu ndani siku wanaporudi.

Dunia ilijifunza mengi juu ya ugonjwa huu kwetu huku. Waganga wawili waliotumwa kutoka Liverpool, Dutton na Todd, walionyesha kwamba kimputu ndiye anayeuambukiza. Wote wawili waliugua homa hiyo. Dutton alifia Kasongo tarehe 27 Februari 1905, na kijidudu chenyewe kikapewa jina lake: Borrelia duttonii.

Wakati wa Dutton dawa za leo hazikuwepo. Sasa kuna doksisiklini, na kuna eritromisini kwa wajawazito na watoto wadogo. Ni dawa za kawaida, si za gharama kubwa. Anayetibiwa mapema ni nadra kufa. Asiyetibiwa anaweza kupona baada ya mateso marefu, lakini wapo wanaokufa. Walio hatarini zaidi ni wajawazito na vitoto vyao. Utafiti wa Tanzania, uliotolewa mwaka 1997, ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya watoto wa akina mama waliougua homa hii walipotea tumboni au mara baada ya kuzaliwa.

Basi watu wanakufaje na ugonjwa wenye dawa? Shida ni kipimo. TDR, kile kipimo cha haraka, imeokoa wengi, lakini inatafuta malaria peke yake. Ikisema hakuna malaria, haijasema hakuna ugonjwa. Na ikisema malaria ipo, mtu anaweza kuwa na yote mawili. Ni tone la damu juu ya kioo, lililochukuliwa homa ikiwa juu na kuangaliwa kwa hadubini, linaloweza kuonyesha vijidudu vya kimputu. Ni kioo kile kile cha malaria. Anahitajika tu mtu anayejua kuvitafuta.

Ndiyo maana wakubwa wa afya wa jimbo, kule Kindu, wanadaiwa jambo moja: kila kituo kikubwa cha afya kiwe na hadubini inayofanya kazi na fundi wa maabara aliyefundishwa ugonjwa huu. Si ombi la anasa.

Wakaaji nao wana sehemu yao. Homa ikirudi, mgonjwa apelekwe akiwa bado ana moto mwilini, na aombe damu iangaliwe. Asinunue vidonge sokoni na kumeza peke yake: saa chache baada ya dozi ya kwanza mwili unaweza kutetemeka sana na nguvu za damu kushuka, kwa hiyo abaki karibu na mwuguzi. Nyumbani, nyufa zizibwe, sakafu isawazishwe, na watu walale juu ya kitanda kilichotengwa na ukuta.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Kasongo ilizika mtafiti wa homa hii zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ni aibu mama mjamzito aifuate njia ile ile leo kwa kukosa kioo kimoja cha damu.